Folda ya kufungashia: kwa nini isiwe ya root?

Swali: Niko Kyela mjini, nafungasha programu ya hesabu za kakao kwa RPM. Kompyuta ni yangu peke yangu. Kwa nini nisijenge kama root?

Jibu: Umiliki si hoja, hoja ni faili la spec lililokosewa. Hatua ya %install inapaswa kuweka mafaili kwenye folda ya muda, lakini ukisahau kuitaja folda hiyo kwa DESTDIR, make install huandika moja kwa moja ndani ya /usr. Root hazuiwi. Mtumiaji wa kawaida hukataliwa papo hapo, na kosa huonekana kabla halijaharibu mfumo. Mazoea ya kujenga kama root yalitokana na folda ya zamani ya kujengea, /usr/src/redhat, na hayana sababu tena.

Utasema kuandaa folda ni usumbufu. Amri moja, rpmdev-setuptree, huunda ~/rpmbuild na matawi yake. Ukitaka diski nyingine, andika %_topdir na njia yake kamili ndani ya ~/.rpmmacros. Kweli, dnf builddep huhitaji sudo, ila rpmbuild yenyewe haihitaji. Na kama unapakua kwa bando la simu, nakili SOURCES na SPECS kwenye flashi kama akiba. BUILD na RPMS hujengwa upya bila kupakua tena chanzo.