Somo: Sheria ya Washington na mashimo ya Nzibira

Katika somo hili tunasoma historia ya Marekani tukiwa hapa Walungu, Kivu ya Kusini. Msishangae. Tarehe 21 Julai 2010 Rais Barack Obama alitia sahihi sheria inayoitwa Dodd-Frank, kwa majina ya seneta Christopher Dodd na mbunge Barney Frank. Ilikuwa sheria ya mabenki, iliyotungwa baada ya msukosuko wa fedha wa 2008. Lakini ndani yake kiliwekwa kifungu cha 1502 kuhusu Kongo. Kifungu hicho kiliyataka makampuni yaliyo katika masoko ya hisa ya Marekani yachunguze na kutangaza kama bati, koltani, wolframu au dhahabu ndani ya bidhaa zao imetoka Kongo au kwa majirani zetu, na kama biashara hiyo imewanufaisha watu wenye silaha.

Waliokidai walikuwa na sababu. Sisi tulioishi karibu na Kaniola hatuhitaji kuelezwa watu wenye bunduki hufanya nini vijijini, wala jinsi askari na makundi ya porini walivyokuwa wakitoza kodi kwenye mashimo. Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi aliiunga mkono sheria hiyo hadharani.

Wazo lenyewe, kwamba mnunuzi anaweza kuzuia uovu kwa kukataa kununua, lina mizizi katika historia ya Wamarekani. Huko Montgomery, jimbo la Alabama, sheria iliwalazimisha weusi kukaa nyuma ya basi na kuwapisha wazungu. Rosa Parks alipokamatwa Desemba 1955 kwa kukataa kusimama, weusi wa mji huo waliacha kupanda mabasi kwa siku 381. Jioni ya siku ya kwanza, tarehe 5 Desemba, walikutana kanisani na kupiga kura wenyewe kuendelea. Walitembea kwa miguu, walipeana nafasi katika magari, na Mahakama Kuu ya Marekani ikawapa haki mwaka 1956. Miaka thelathini baadaye makanisa na wanafunzi walilisukuma bunge la Marekani kuiwekea vikwazo Afrika Kusini ya ubaguzi, hata baada ya Rais Reagan kukataa kutia sahihi. Hiyo ilikuwa 1986.

Sasa turudi kwetu. Septemba 2010, wiki chache baada ya sheria, Rais Joseph Kabila alifunga uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema. Aliufungua Machi 2011, ila wanunuzi hawakurudi. Kuanzia Aprili viwanda vikubwa vya kuyeyusha bati vilitaka hati ya kuonyesha madini yametoka wapi, na mchimbaji wa Nzibira angeipata wapi hati hiyo? Katika jimbo letu mpango wa kutia lebo kwenye mifuko ulianza kazi Oktoba 2012 tu, kule Kalimbi, teritori ya Kalehe. Sheria haikukataza kununua. Makampuni yaliona ni rahisi zaidi kutukwepa kuliko kutuchunguza.

Huku kasiteriti ndiyo iliyokuwa ikilipa minervali ya watoto, dawa na chumvi. Kijana wa Nzibira aliyekosa mnunuzi alikwenda kwenye dhahabu, kama ile ya Mukungwe, na dhahabu hupita mpakani ndani ya mfuko wa suruali. Wenye silaha nao waliifuata huko. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2016 walikuta vifo vya watoto wachanga viliongezeka katika vijiji vilivyo karibu na migodi iliyoguswa na sheria. Ni kweli pia kwamba baadaye askari walipungua katika mashimo mengi ya bati na koltani. Sioni haki ya kuficha upande wowote kati ya hizo mbili.

Tofauti ninayoiona mimi ni hii: Montgomery waliopiga kura kanisani ndio waliotembea kwa miguu. Kuhusu Walungu, walioamua walikuwa Washington, na waliotembea walikuwa wachimbaji na wake zao. Nia njema haikuwapatia kiti mkutanoni.

Jambo hili halijapitwa na wakati. M23 waliingia Bukavu Februari 2025, na tarehe 27 Juni mwaka huohuo mkataba kati ya Kongo na Rwanda ulitiwa sahihi Washington, na biashara ya madini ilikuwa ndani ya mazungumzo.

Kwa vikundi vya mazungumzo: katika kijiji chenu, nani alipoteza kazi mwaka 2010 na 2011, na alifanya nini baadaye? Je, kuna mtu aliyewahi kuja kuwauliza kabla ya kuamua kuhusu mashimo yenu? Kama mgeni kutoka shirika au serikali akija kesho na mpango mpya wa madini, mngemtaka akae na nani kwanza, na kwa siku ngapi? Kina mama wanaosaga mawe na kubeba mizigo wajibu kabla ya wenye mashimo. Andikeni majibu, nasi tutayachapisha katika toleo lijalo.