Hesabu Kwanza, Sola Baadaye

Somo la vikundi: stima ya jua na ya upepo nyumbani na ukumbini



Kila tunapotembelea vikundi, swali ni lile lile: "Tununue sola ya pesa ngapi?" Hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: "Tunataka kutumia nini, na kwa saa ngapi?" Somo hili litawasaidia kulijibu kabla hamjatoa hata shilingi moja.

YALIYOTUPATA SISI

Wacha nianze na aibu yangu mwenyewe. Nilikuwa mweka hazina wa kikundi chetu tuliponunua sola ya ukumbi. Pesa zilikuwa za mayai, tumeziweka miaka miwili. Muuzaji alitupa paneli moja na betri ya gari, akasema inatosha. Hatukumuuliza inatosha nini.

Mwanzoni ilikuwa furaha. Jioni kulikuwa na darasa la ngumbaru, na simu zilichajiwa hapo hapo. Kisha vijana wakaleta televisheni kubwa ya kutazama mpira, na mtu mwingine akaleta friji ya soda. Kabla ya mwaka kuisha, taa zilikuwa zikizima saa mbili za usiku. Fundi akapima, akatuambia betri imekufa. Ngumbaru ikafungwa. Akina mama waliouza mayai wakaniuliza, "Mweka hazina, pesa zetu ziko wapi?" Sikuwa nimeiba, lakini jibu sikuwa nalo.

Si kwamba sola haifai. Shule ya harambee ya Karamugi, kule Meru, ilifungiwa stima ya jua mwaka 1984, na tangu miaka hiyo nyumba nyingi za mashambani zimewaka. Kosa letu lilikuwa kununua bila kuhesabu.

JINSI INAVYOFANYA KAZI

Fikirieni maji. Paneli ni mfereji unaotiririka mchana tu. Betri ni tangi. Taa na televisheni ni watu wanaokuja na mitungi usiku. Wakichota kuliko kilichoingia, tangi litakauka. Na betri si kama tangi la plastiki: ikikaushwa mara kwa mara, inakufa.

HATUA YA 1: HESABUNI MATUMIZI

Kila kifaa kimeandikwa wati zake. Zidisheni wati kwa saa za kutumia. Kwa mfano, ukumbi mdogo kwa siku moja:

- Taa 4 za LED, kila moja wati 7, saa 4: 112
- Televisheni ya wati 40, saa 3: 120
- Redio na spika, wati 30, saa 2: 60
- Simu 10, kila moja kama 10: 100

Jumla ni 392. Tuseme 400. Hizi huitwa wati-saa.

HATUA YA 2: PANELI

Umeme mwingine hupotea njiani, kwa hivyo ongezeni theluthi moja: 400 inakuwa kama 530. Hapa Kenya sehemu nyingi hupata jua la kufanya kazi la saa 4 hadi 6 kwa siku. Tumieni 4, ili mwezi wa Julai wenye mawingu usiwanase. Gawanyeni 530 kwa 4, mtapata kama 133. Basi nunueni paneli ya wati 150.

HATUA YA 3: BETRI

Betri ya voli 12 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200. Lakini ile ya risasi na asidi isitumiwe zaidi ya nusu, yaani 600. Inatosha usiku mmoja. Mkitaka kuvuka siku ya mawingu, wekeni mbili. Betri ya lithiamu inaruhusu kutumia sehemu kubwa zaidi na hudumu miaka mingi, ingawa bei yake ya kwanza ni ya juu.

Msikubali betri ya gari. Hiyo imetengenezwa kuwasha injini kwa nguvu ya ghafla, si kutoa umeme kidogo kidogo usiku kucha. Na msiunganishe chochote bila chaji-kontrola, kile kisanduku kinachozuia betri isijazwe kupita kiasi wala kukaushwa.

HATUA YA 4: FUNDI

Kwa sheria ya Kenya, fundi wa sola lazima awe na leseni ya EPRA. Mwambieni awaonyeshe. Akikasirika, tafuteni mwingine. Paneli ikae mahali pasipofika kivuli hata cha tawi moja, na ilazwe kwa mteremko kidogo ili mvua ioshe vumbi.

NA UPEPO JE?

Kuna wanaosema, "Kwetu kuna upepo, tuweke kinu." Pole pole. Upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake huwa mara nane. Na ukipungua nusu, mnabaki na sehemu moja tu ya nane. Ndiyo maana mitambo mikubwa imewekwa mahali penye upepo mkali: vilima vya Ngong, na Marsabit karibu na Ziwa Turkana, ambako mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310 iliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018.

Kinu kidogo kinahitaji mlingoti unaopita miti na mapaa yote yaliyo karibu. Pia kina vyuma vinavyozunguka, na kila kinachozunguka huchakaa. Kama mnaishi bondeni au katikati ya miti, wekeni pesa kwenye jua. Kama mko kwenye uwanda wazi wenye upepo mwaka mzima, fikirieni kinu cha kupiga maji, kama vile vya Kijito vilivyotengenezwa Thika. Maji hukaa kwenye tangi hata upepo ukilala.

KIWANJA CHA VIJANA

Vijana huomba taa za kiwanja ili wacheze usiku. Hesabuni mbele yao: taa 4 za wati 200, saa 3, ni wati-saa 2,400. Hiyo ni mara sita ya ukumbi wote! Afadhali kuweka taa moja moja zenye sola yake mlangoni, njiani na chooni, na mechi zichezwe mchana. Vijana wakifanya hesabu wenyewe, hawatasema wazee wamewanyima.

PESA ZA BETRI IJAYO

Betri itakufa siku moja, hata ikitunzwa. Tuseme inauzwa shilingi 18,000 na mnaitarajia miaka 3. Hiyo ni shilingi 500 kila mwezi. Mkichaji simu 10 kwa siku kwa shilingi 20, siku tatu tu za mwezi zinatosha. Lakini ziandikwe kwenye kitabu chake, zisichanganywe na za chai.

Sisi tulianza upya kwa njia hiyo. Tulichagua mama mmoja kushika ufunguo na kubandika ukutani orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa. Friji haimo. Ngumbaru ilirudi, na wale akina mama sasa wanasoma wenyewe kitabu cha pesa za betri.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika nyumba zetu, ni vifaa gani tunavyohitaji kila usiku? Jumla yake ni wati-saa ngapi?
2. Mtu akileta kifaa kipya ukumbini, ni nani ana ruhusa ya kumkatalia?
3. Pesa za betri ijayo zitatoka wapi, na nani atazikagua?
4. Upepo wetu ni wa mwaka mzima au wa msimu?

Chukueni daftari, fanyeni hesabu pamoja kwenye mkutano ujao. Dukani mtakwenda baadaye.