SOMO LA KIKUNDI: DAFTARI LA CHAMA NDANI YA KOMPYUTA



Somo hili limekusudiwa watu wa aina mbili. Wa kwanza ni vijana wanaoandika programu za mahesabu kwa ajili ya vyama vya msingi. Wa pili ni wajumbe ambao hawataandika programu hata moja, lakini watatakiwa kuzipokea, kuzilipia na kuzijibia mbele ya Mkutano Mkuu. Lisomwe kwa sauti katika kikundi, na maswali yaliyo mwishoni yajadiliwe.

1. Jambo lenyewe

Mkulima anayefikisha kahawa yake kwenye mizani, awe Rungwe au Mbozi, anadai mambo matatu. Kilo zake ziandikwe sawasawa. Makato yake yawe ya haki. Na malipo yake yamfikie yeye, si mtu mwingine. Programu yoyote isiyotimiza matatu haya haifai, hata ikiwa inapendeza kwa macho. Tena hatuna budi kukumbuka kwamba kompyuta haimgeuzi mtu kuwa mwaminifu. Kosa lililokuwa likienea polepole katika daftari la karatasi, katika kompyuta huenea kwa dakika moja.

2. Majedwali na funguo

Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko San Jose, California, alichapisha makala iliyobadili utunzaji wa taarifa duniani. Alipendekeza taarifa zote zipangwe katika majedwali, na uhusiano baina ya majedwali uonyeshwe na thamani zilizoandikwa humo. Mwaka 1974 wenzake wawili wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walitoa lugha ya kuyauliza majedwali hayo. Lugha hiyo leo huitwa SQL.

Mtunza vitabu wa chama hatalishangaa wazo hili. Tuchukue mfano wa ofisi ya mahesabu iliyopo Ilomba, jijini Mbeya, inayotunza vitabu vya chama cha msingi chenye wanachama 400. Ofisi hiyo inahitaji majedwali manne: Wanachama, Mapokezi, Mikopo ya Pembejeo, na Malipo. Katika jedwali la Wanachama kila mtu ana mstari mmoja na namba moja isiyorudiwa. Namba hiyo ndiyo ufunguo mkuu. Katika Mapokezi hatuandiki jina la mkulima. Tunaandika namba yake, tarehe na kilo. Namba hiyo, inapotumika huko, huitwa ufunguo wa rejea.

Kwa nini tusiandike jina? Kwa sababu katika ukoo mmoja wanaweza kuwapo wanachama watatu wenye jina moja, na karani mmoja huliandika jina kwa namna hii na mwingine kwa namna ile. Zaidi ya hayo, kanzidata iliyowekewa ufunguo wa rejea itakataa kupokea kilo za namba isiyokuwemo katika jedwali la Wanachama. Huo ni ulinzi mzuri, lakini una mpaka wake. Mwanachama hewa aliyekwisha kuingizwa katika jedwali la Wanachama atapita bila kuzuiwa. Huyo hufichuliwa na wanachama wenyewe, orodha inaposomwa mbele yao.

3. Maktaba ya ulinganishaji

Lugha za programu kama Python na Java hupenda kushughulika na vitu, si mistari ya majedwali. Mwandishi wa programu hutaka kusema «mwanachama huyu na mapokezi yake». Kanzidata nayo hujua majedwali na funguo tu. Kwa hiyo pamekuwepo maktaba za programu zinazofanya kazi ya mkalimani. Hulinganisha kila jedwali na aina ya kitu, kila mstari na kitu kimoja, na kila ufunguo wa rejea na njia ya kutoka kitu hiki hadi kile. Kwa Java iko Hibernate, iliyoanzishwa na Gavin King mwaka 2001. Kwa Python iko SQLAlchemy ya Mike Bayer, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2006.

Kazi hii si ngeni Afrika Mashariki. OpenMRS, programu ya kumbukumbu za wagonjwa iliyoanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, imejengwa juu ya Hibernate. Ndivyo ilivyo pia DHIS2 ya Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo hutumika Tanzania kukusanyia taarifa za vituo vya afya.

Kwa msaada wa mkalimani huyu, mwandishi huandika mwanachama.mapokezi, na maktaba hutunga sentensi ya SQL, huipeleka kwenye kanzidata, na kurudisha majibu. Kazi huwa nyepesi. Lakini anayemtumia mkalimani bila kujua lugha ya upande wa pili hatajua anapotafsiriwa vibaya.

4. Mambo matatu ya kuangaliwa

(a) Maswali yasiyo na idadi. Tuseme ofisi yetu inataka orodha ya wanachama wote na jumla ya kilo za kila mmoja. Programu iliyoandikwa bila uangalifu huuliza kwanza orodha ya wanachama: swali 1. Kisha, kwa kila mwanachama, huuliza mapokezi yake: maswali 400. Jumla ni maswali 401. Ni sawa na karani anayekwenda stoo mara 400 kuleta karatasi moja moja, badala ya kulibeba jalada zima. Dawa ni kuiagiza maktaba mapema ilete mapokezi pamoja na wanachama. Katika SQLAlchemy agizo hilo ni selectinload. Maswali hubaki mawili kwa chama cha ukubwa huu. Mwandishi awashe pia echo, ili kila sentensi ya SQL ionekane kwenye kioo naye aihesabu.

(b) Muamala usiokatika. Tuseme mwanachama namba 147 alileta kilo 62, 48 na 90, yaani kilo 200. Bei ikiwa shilingi 2,000 kwa kilo, anastahili shilingi 400,000. Anadaiwa mbolea ya shilingi 150,000; kwa hiyo atalipwa shilingi 250,000. Hapa yako maandishi mawili: kufuta deni, na kuandika malipo. Umeme ukikatika baina yake, mkulima huonekana amekatwa bila kulipwa, au amelipwa na deni bado liko. Kwa sababu hiyo maandishi yote mawili yawekwe ndani ya muamala mmoja, na commit iitwe mara moja tu, mwishoni. Kazi ikikatika kabla ya hapo, kanzidata hurudi ilivyokuwa, kana kwamba hakuna kilichoandikwa.

(c) Fedha na uzito. Kompyuta hutunza namba nyingi zenye desimali kwa makadirio. Mwambie Python ijumlishe 0.1 na 0.2, itajibu 0.30000000000000004. Tofauti ni ndogo, lakini katika mahesabu ya msimu mzima huleta hesabu zisizolingana, na mkaguzi atauliza. Safu za fedha na kilo ziwe za aina ya Numeric, na katika Python zitumiwe Decimal.

5. Wajibu wa Bodi

Jedwali la Wanachama lina majina, namba za simu na akaunti za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawalinda watu hao. Asiyehusika asipewe ruhusa ya kuliona.

Kadhalika, mwandishi wa programu aweza kuhama au kufariki. Kabla ya kumlipa malipo ya mwisho, Bodi ipokee mkononi mchoro wa majedwali, msimbo wote wa programu, nywila, na nakala ya akiba ya kanzidata iliyokwisha kujaribiwa kurudishwa. Programu inayojulikana na mtu mmoja tu ni mali ya mtu huyo, si mali ya chama.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika chama chenu, je, wako wanachama wawili wenye jina moja? Malipo yao hutofautishwaje?
2. Chama chenye wanachama 650 kinatumia programu yenye kosa la (a). Itauliza maswali mangapi?
3. Taja kazi nyingine mbili za chama chenu ambazo maandishi yake hayapasi kutenganishwa.
4. Mwandishi wa programu yenu akiondoka kesho, ni nani atakayeweza kumwonyesha mkulima kilo zake?