Sanaa na Malighafi Yake: Je, Takataka Zaweza Kuwa Sanaa?

Maana ya sanaa unaikumbuka: ni ufundi wa kuwasilisha fikra za binadamu kwa kutumia umbo linalovutia. Mchongaji hutumia mti, mfinyanzi hutumia udongo, na mwandishi hutumia lugha. Wanafunzi wengi hukwama pale swali linapotaja malighafi wasiyoizoea, kama takataka.

Chukua ndala iliyokatika. Ikitupwa katika Mto Morogoro, unaoshuka kutoka Milima ya Uluguru na kupita mjini, maji ya masika huweza kuisukuma hadi Mto Ngerengere, kisha Ruvu, na mwishowe Bahari ya Hindi. Ufukweni ndala za namna hiyo huokotwa kwa maelfu. Huko Lamu, Kenya, mafundi wakiongozwa na mjenzi wa majahazi Ali Skanda waliunda jahazi zima kwa plastiki iliyotupwa, wakaliita Flipflopi. Zilitumika takribani tani 10 za plastiki, na nje likapambwa kwa vipande vya ndala zipatazo 30,000. Lilishushwa majini Septemba 2018, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri kilometa 500 hivi kutoka Lamu hadi Zanzibar.

Kwa nini jahazi hilo ni sanaa? Katika madaftari ninayosahihisha, jibu la kawaida ni hili: "Kwa sababu limetengenezwa kwa taka." Jibu hilo halina alama. Dampo nalo limejaa taka, wala si sanaa. Taja fikra: plastiki ya kutumia mara moja na kutupa inaangamiza bahari, ilhali bado ina thamani. Kisha taja umbo: jahazi la jadi lenye rangi nyingi za ndala. Halafu onesha jinsi umbo lilivyobeba fikra. Mtu wa pwani akiliona jahazi anaona urithi wake, na papo hapo anaona uchafu unaomharibia bahari. Hapo ndipo penye alama.

Wakati mwingine malighafi yenyewe huwa na la kusema. El Anatsui, msanii mzaliwa wa Ghana aliyefanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria, huunganisha maelfu ya vifuniko vya chupa za pombe kwa waya wa shaba hadi vikawa kama vitambaa vikubwa vya kutundikwa ukutani. Pombe kali ilikuwa miongoni mwa bidhaa ambazo Wazungu walizibadilisha kwa watumwa Afrika Magharibi. Angetumia vifungo vya mashati, maana hiyo ingepotea.

Na kibatari cha kopo, au katambuga za tairi? Hapa walimu hatukubaliani. Mimi humpa alama anayesema ni sanaa na anayesema ni ufundi tu, mradi atetee jibu lake kwa fikra na umbo.

Kanuni hiyohiyo inahusu fasihi. Tangazo la mabasi katika stendi ya Msamvu limetumia lugha, lakini si fasihi.

Maswali

1. "Malighafi pekee haifanyi kitu kuwa sanaa." Jadili kwa kutumia mifano miwili.

2. Kwa nini tangazo la mabasi si fasihi, ingawa malighafi yake ni lugha?

3. Chagua kifaa kimoja nyumbani kwenu kilichotengenezwa kwa vitu vilivyotupwa. Tetea kuwa ni sanaa, kisha pinga hoja yako mwenyewe.