Mashindano ya Skii ya Vyuo vya Marekani

Wasomaji wengi wa gazeti letu wanajua mpira na mbio za miguu, lakini huenda hawajasikia habari za skii. Skii ni mbao mbili ndefu, nyembamba, zilizopindwa juu kwa mbele, ambazo mtu huzifunga miguuni ili ateleze juu ya theluji. Nataka kueleza jinsi wanafunzi wa Marekani walivyoanza kugombea ubingwa wa mchezo huu, kwa maana naona limo funzo kwetu.

Chuo cha Dartmouth, katika jimbo la New Hampshire, kilipata chama chake cha matembezi na michezo ya theluji mwaka 1909. Vyuo vingine vikafuata. Lakini mashindano ya kwanza ya taifa zima chini ya chama cha michezo ya vyuo, N.C.A.A., yalifanywa mwaka 1954 huko Reno, jimbo la Nevada.

Michezo ilikuwa minne. Wa kwanza ni kuteremka mlima kwa kasi. Wa pili, slalomu, ni kuteremka kwa kupinda huku na huku kati ya vijiti. Wa tatu ni kuruka hewani kutoka mteremko uliojengwa. Hupimwa umbali na uzuri wa kuruka. Wa nne ni mbio ndefu, kupanda na kushuka, zinazotaka pumzi nyingi. Alama za yote minne zilijumlishwa. Basi chuo chenye bingwa wa kuteremka, lakini kisicho na mtu wa mbio ndefu, hakikufika mbali.

Chuo Kikuu cha Denver kilielewa jambo hili. Mwalimu wao wa michezo, Willy Schaeffler, mzaliwa wa Ujerumani, aliwakaza kwa mazoezi hata kabla theluji haijaanguka. Wakashinda mara nne mfululizo, 1954 hadi 1957. Dartmouth nao walikuwa na Chiharu Igaya wa Japani, aliyepata medali ya fedha ya slalomu katika Olimpiki ya 1956. Chuo hicho kilitwaa ubingwa mwaka 1958.

Kuruka kuliondolewa baada ya mwaka 1980, na tangu 1983 alama za wanawake na wanaume hujumlishwa pamoja. Hata hivyo kanuni ya kujumlisha imebaki.

Katika mashindano ya mabweni yetu, kila mmoja hutaka mbio fupi, ambazo hushangiliwa sana. Mbio ndefu hukosa watu. Lakini mwisho wa siku alama huhesabiwa zote, na kidole kimoja hakivunji chawa.