Ukitafuta, Tumia Maneno ya Mwenye Jibu

Wasomaji wa Birmingham wanauliza kuhusu kutafuta habari mtandaoni. Mkutubi wetu anajibu.

Mwalimu, nyumba ya kaunsili ninayokaa hapa Small Heath imeota ukungu ukutani na mtoto hakomi kukohoa. Nimeieleza Google shida yangu yote, ikaniletea mafundi rangi na dawa za kupuliza. Nakosea wapi?

Pole, mama. Umeieleza shida kama unavyomweleza jirani. Mashine hukisia maana, ndiyo, lakini bado inategemea sana maneno yaliyomo ndani ya kurasa. Muuza dawa ameandika kuhusu madoa na harufu, nawe umeandika kuhusu madoa na harufu, basi mmekutana. Kabla ya kugusa kibodi jiulize: mwenye jibu ninalolitaka angeliandika kwa maneno gani? Ofisi za nyumba na wanasheria wa hapa huandika damp, huandika mould, na zaidi ya yote huandika disrepair, neno la kisheria kwa nyumba ambayo mwenyewe hakuitengeneza inavyompasa. Andika hivi:

damp mould disrepair site:birmingham.gov.uk

Hiyo site: inaifungia mashine ndani ya tovuti moja. Usiweke nafasi baada ya nukta mbili, la sivyo amri haifanyi kazi. Ukitaka sheria ya nchi badala ya ya mji, weka site:www.gov.uk.

Halafu angalia tarehe. Sheria iitwayo Awaab's Law ilianza kuwabana wenye nyumba za kaunsili na za mashirika ya makazi tarehe 27 Oktoba 2025, ikiwawekea muda maalumu wa kuchunguza na kuondoa hatari ya ukungu. Ukurasa wa 2022 hautakwambia hayo hata kidogo, na kurasa kuukuu hupenda kukaa juu kwa sababu watu wengi wameshaziunganisha na kurasa zao. Ongeza after:2025-10-01 mwishoni mwa maneno yako.

Kila nikitafuta kitu cha Birmingham naletewa cha Marekani.

Hiyo ni Birmingham ya Alabama. Andika -Alabama, kistari kikigusana na neno, na kurasa zinazoitaja zitaondoka. Ila dawa bora zaidi ni postikodi: kinyozi B10, msikiti B11, mwanasheria B21. Alabama hawana hizo.

Nilitaka kibali cha kwenda Nairobi kumwona mama. Tovuti ya kwanza ilinitoza pesa nyingi kuliko alizolipa shemeji yangu. Ilikuwaje?

Ulibonyeza tangazo, dada. Yanayokaa juu kabisa mara nyingi yamelipiwa, na neno dogo linalokuonya hivyo ni rahisi kulipita. Kenya iliacha viza Januari 2024 ikaweka kibali cha kielektroniki, na mara wakazuka mawakala wenye tovuti zilizopambwa bendera na nembo. Wengine wanakujazia fomu kweli, kisha wanaongeza ada yao. Wengine siwezi hata kuwaita mawakala.

Soma anwani kabla ya kusoma ukurasa, na uisome kutoka nyuma. Serikali ya Kenya inaishia na go.ke, ya Tanzania go.tz, ya Uganda go.ug. Kibali cha Kenya kiko etakenya.go.ke, na viza ya Tanzania iko visa.immigration.go.tz. Anwani ikiwa na neno kenya na neno visa lakini ikaishia .com au .org, hiyo si serikali, hata ikiwa na picha ya simba.

Nikitafuta kwa Kiswahili napata vichache. Ni kweli hakuna kitu?

Vipo vichache kuliko vya Kiingereza, hilo halina ubishi. Lakini kuna jingine. Maneno ya Kiingereza hubadilika zaidi mkiani, na mashine hizi zilizoea mapema kuukata mkia na kuangalia shina. Sisi tunabadilisha kichwa: kitabu, vitabu, mwuguzi, muuguzi, wauguzi, alipanga, wamepanga. Mara nyingi mashine huyaona hayo kama maneno yasiyojuana. Basi yape yote nafasi, ukiyatenganisha kwa OR yenye herufi kubwa: muuguzi OR mwuguzi OR wauguzi. Na panapowezekana chagua nomino badala ya kitenzi, maana kitenzi chetu kina sura nyingi mno.

Siku hizi juu kabisa kuna jibu lililoandikwa na akili mnemba. Niliamini?

Kwa saa ya Nairobi, sawa. Kwa dawa, viza au kesi, fungua viungo vilivyo chini yake usome mwenyewe. Ukichagua kichujio cha Web, muhtasari huo unaondoka na zinabaki kurasa tu.

Wazee wetu walitokea Frere Town, Mombasa. Nimeambiwa habari zao ziko humuhumu Birmingham, lakini Google haizioni.

Umeambiwa kweli. Kumbukumbu za Church Missionary Society, waliowatuma wamishonari Krapf na Rebmann pwani yetu na walioanzisha makazi hayo ya watumwa walioachwa huru mwaka 1875, ziko Cadbury Research Library, Chuo Kikuu cha Birmingham. Google haizioni kwa sababu barua zenyewe ni karatasi ndani ya makasha, na orodha nyingi za nyaraka hujibu tu ukiuliza kwenye kisanduku chake cha kutafutia. Ingia katika orodha ya maktaba hiyo, utafute humo.

Uandike kama walivyoandika wamishonari wao. Kituo chao cha Rabai ni Rabai, lakini pia ni Rabbai na Kisulutini. Kiswahili ni Suahili; hata kamusi ya Krapf iliyochapwa London mwaka 1882 imeandikwa hivyo jaladani, na inasomwa bure archive.org. Waliolelewa Nasik kule India kabla ya kurudishwa Mombasa waliitwa Bombay Africans. Ukitafuta "freed slaves Mombasa" utawakosa wengi wao. Wala usijaribu before:1900, kwa kuwa tarehe hiyo ni ya ukurasa kuwekwa mtandaoni, si ya barua.

Kuna njia ya pili ninayoipenda kuliko zote. Karatasi za Krapf zina namba CA5/O16, za Rebmann CA5/O24. Itie namba hiyo ndani ya alama za nukuu, "CA5/O24", pamoja na neno Rabai, uiandike Google. Utaangukia tanbihi za wanahistoria waliokwishakaa na makasha hayo, wakanakili majina ya watu na tarehe za barua. Jaribu pia "C A5/O 24" yenye nafasi, maana kila mwandishi na mtindo wake. Jina la babu likitokea, nakili tarehe ya barua, kisha uiandikie maktaba kuomba miadi ya chumba cha kusomea.