UNYEVU KATIKA KUTA ZA MJI MKONGWE: CHOKAA AU SARUJI?

Katika Mji Mkongwe wa Unguja, vyumba vya chini vya nyumba nyingi za mawe vina ugonjwa mmoja. Rangi hubambuka kuanzia chini, lipu huvimba na kudondoka, na unga mweupe wenye ladha ya chumvi hutokeza ukutani. Mara nyingi mwenye nyumba hubandua lipu iliyoharibika, akapiga lipu mpya ya saruji, kisha akapaka rangi ya mafuta. Kwa muda chumba hupendeza. Baada ya masika mbili au tatu ugonjwa hurudi, na safari hii umepanda juu zaidi. Makala haya yanaeleza sababu ya jambo hilo, na namna ya kumalizia kuta na sakafu zinazokaa mahali penye maji.

Nyumba na ardhi yake

Mji Mkongwe umejengwa juu ya rasi. Upande wake wa mashariki palikuwa na mkono wa bahari, na jina la Darajani linakumbusha daraja lililouvuka. Mkono huo ulijazwa kifusi katika karne ya 20, lakini maji ya ardhini hayakuondoka. Nyumba nyingi hazina vyumba vilivyochimbwa chini ya ardhi. Lakini bohari na maduka ya chini, hasa pale ambapo kichochoro kimepanda kuliko sakafu, hupatwa na unyevu ule ule.

Kuta za kale ni nene, aghalabu sentimita 50 au zaidi. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa mchanganyiko wa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Dari hubebwa na boriti za mikoko ambazo ncha zake zimezama ndani ya ukuta. Vitu hivi vyote vina vinyweleo, yaani vitundu vidogo vinavyopitisha maji na hewa.

Maji hupandaje?

Utambi wa taa hupandisha mafuta kwa sababu nafasi zilizomo baina ya nyuzi zake ni nyembamba. Ukuta nao hupandisha maji kwa njia hiyo hiyo. Kadiri kinyweleo kinavyokuwa chembamba, ndivyo maji yanavyoweza kupanda juu. Katika kinyweleo chenye nusu kipenyo cha milimita 1, maji hupanda kiasi cha sentimita 1.5, katika cha milimita 0.1, sentimita 15. Na katika cha milimita 0.01, mita 1.5.

Katika ukuta halisi maji hayafiki kila mara kimo hicho, kwa kuwa huvukizwa yakiwa njiani. Unyevu husimama pale ambapo kiasi cha maji yanayopanda kinalingana na kiasi kinachotoka kwa mvuke. Hii ndiyo kanuni ya kukumbukwa: ukuta wa kale hukauka kwa kuachiwa maji yatoke, wala si kwa kufungiwa.

Kazi ya chumvi

Maji yanayopanda hubeba chumvi. Maji yakigeuka mvuke, chumvi hubaki na kufanya fuwele. Fuwele zinazokua ndani ya vinyweleo husukuma kuta zake hadi lipu ikavunjika. Tena, chumvi ya kawaida hunyonya maji kutoka hewani na kuyeyuka pindi unyevu wa hewa unapozidi takriban asilimia 75. Wakati wa masika hewa ya Unguja hupita kiwango hicho mara kwa mara, na ukuta huonekana kutoka jasho hata kama hakuna bomba lililopasuka. Siku kavu zikija, fuwele hujijenga upya. Kuyeyuka na kuganda huku, mwaka baada ya mwaka, ndiko kunakousaga ukuta.

Chokaa na saruji

Chokaa hupatikana kwa kuchoma mawe ya matumbawe katika tanuu, kwa joto la karibu nyuzi 900 za Sentigredi. Gramu 100 za kalsiamu kabonati safi hutoa gramu 44 za kaboni dayoksaidi na kubakiza gramu 56 za chokaa isiyozimwa. Chokaa hiyo ikitiwa maji huchemka kwa nguvu na kuwa chokaa iliyozimwa. Baada ya kupakwa ukutani huvuta polepole kaboni dayoksaidi ya hewani, ikarudi kuwa kalsiamu kabonati, yaani jiwe lile lile la asili. Lipu hiyo ni laini kuliko jiwe na hupitisha mvuke. Chumvi ikijikusanya, lipu ndiyo inayoharibika, na jiwe hubaki salama. Lipu hupigwa upya. Ukuta haujengwi upya kwa urahisi.

Saruji ya Portland, ambayo Joseph Aspdin wa Uingereza alipata hataza yake mwaka 1824, ni ngumu na hupitisha mvuke kidogo sana. Inafaa katika nyumba mpya ya matofali ya saruji ambayo msingi wake umewekewa tabaka la kuzuia maji. Juu ya ukuta wa matumbawe na chokaa, hufunga njia ya mvuke. Maji hulazimika kupanda hadi yapite ukingo wa lipu, na huweza kufikia ncha za boriti. Boriti iliyolowa huoza gizani, nyuma ya ukuta unaoonekana mkavu. Hapo hatari si tena ya rangi; ni ya dari na watu walio chini yake.

Utaratibu wa matengenezo

1. Chanzo cha maji kitafutwe kwanza: michirizi ya paa, mabomba, mashimo ya maji machafu na kifusi kilichoegemea ukuta.

2. Lipu ya saruji ibanduliwe taratibu, hadi nusu mita juu ya alama ya unyevu. Boriti zikaguliwe.

3. Ukuta uachwe ukauke kwa miezi kadhaa. Chumvi ipanguswe kwa brashi kavu, kwani maji huirudisha ndani.

4. Lipu ya chokaa kipimo 1 kwa mchanga vipimo 3 ipigwe kwa matabaka membamba, kila moja kama sentimita 1, na lisikaushwe haraka na jua. Mchanga wa pwani haufai, kwa kuwa una chumvi.

5. Ukuta upakwe chokaa, si rangi ya mafuta.

6. Chini ya sakafu litandazwe tabaka la kokoto kubwa zisizo na vumbi, unene wa sentimita 15. Nafasi pana baina ya kokoto haziwezi kupandisha maji. Juu yake ipigwe sakafu ya chokaa na kokoto ndogo. Karatasi ya nailoni iliyotandazwa chini ya sakafu ya nyumba ya kale huyasukuma maji kuelekea kutani.

Chokaa huunguza ngozi na macho. Anayeizima hana budi kujikinga.

Utaratibu huu hautoshi mahali ambapo maji yanasimama. Huko maji yaelekezwe kwingine kwanza.

Jambo lenye uzito

Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na mji ukaingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka wakati wa ukarabati na watu wawili wakafa. Kuporomoka kwa jumba kubwa huwa na sababu nyingi, lakini tukio hilo lilionyesha kwamba nyumba za kale hubeba maisha ya watu, si sifa ya mji tu.

Jaribio

Chukua vipande viwili vya tofali la kuchoma vilivyo sawa. Kimoja kizungushie nailoni kwa kuibana, kuanzia karibu na chini hadi sentimita 10; kingine kiache wazi. Visimamishe katika sahani yenye maji ya kimo cha sentimita 2, yaliyotiwa gramu 35 za chumvi kwa kila lita. Ongeza maji yanapopungua. Kwa wiki mbili weka alama ya kimo cha unyevu kila siku, na uangalie chumvi inatokeza wapi katika kila kipande.

Maswali

1. Maji yatapanda kiasi gani katika kinyweleo chenye nusu kipenyo cha milimita 0.05?

2. Kilo 200 za kalsiamu kabonati safi zitatoa kilo ngapi za chokaa isiyozimwa?

3. Kwa nini ni afadhali lipu iwe dhaifu kuliko jiwe inalolifunika?